Boksi la Linux halishiki chaneli 68.5 mashariki, risiva ya zamani inashika kwa dishi hilo hilo (Kigoma)

mtu_wa_mwanga

Wakuu heshima kwenu. Niko Kigoma mjini huku Mwanga. Nina dishi la futi 6 la C-band (masafa ya chini, ya madishi makubwa) linaangalia 68.5 mashariki, Intelsat 20, fundi alilifunga miaka minne iliyopita na risiva ya kawaida tu na mpaka leo inafanya kazi, ingawa kuna chaneli tatu nne picha huwa inakwama na kutoa vijiboksi hata kama hakuna mvua.

Sasa baba mdogo amekuja likizo kutoka Dar akaniachia boksi la Linux, hizi za Enigma2 (programu inayoliendesha), ndani kuna OpenATV, toleo lake mojawapo. Nikafurahi maana mzee wangu anapenda kurekodi taarifa ya habari aangalie akitoka ziwani na risiva ya zamani hairekodi. Nimechomoa waya kwenye risiva nikachomeka kwenye boksi, tyuna nikaiambia setilaiti ni 68.5, nikaskani, ikamaliza chaneli sifuri. Nikashusha orodha ya chaneli iliyotengenezwa tayari nikaiingiza kwa FTP kwenye folda ya /etc/enigma2, majina yanaonekana zaidi ya mia ila kila nikibonyeza inakuja "tune failed". Na saa yake inasoma 03:00 tarehe 1 Januari 1970, nikirekebisha nikizima na kuwasha inarudi hapo hapo.

Nikirudisha waya kwenye risiva ya zamani chaneli zote zipo. Je boksi ni bovu? Nimeshamuahidi mzee na sitaki baba mdogo aone nimeshindwa na zawadi yake.

kibirizi_one

Flashi upya mkuu, yaani futa programu yake uweke imeji nyingine. Mimi langu lilisumbua hivyo hivyo nikaflashi likapona.

mtu_wa_mwanga

Nishaflashi mara mbili kaka, hakuna kilichobadilika.

asali_ya_sikonge

Acha kwanza kuflashi. Kwenye tyuna umechagua njia ipi? Ukiiacha ile rahisi yenyewe inadhani una LNB (kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) ya Ku-band, masafa ya madishi madogo, ile yunivasali, kwa hiyo inapiga hesabu kwa 9750 na 10600. LNB yako ni ya C-band, hesabu yake ni 5150. Yaani boksi linachukua 5150 linatoa frikwensi ya setilaiti, kinachobaki ndio kinachopita kwenye waya, mfano 3900 inakuwa 1250. Sasa kama linatoa 9750 unadhani litapata nini pale? Sifuri lazima.

Ingia kwenye mpangilio wa tyuna, chagua ile ya kina (advanced), chagua 68.5, LNB 1, halafu pale kwenye LOF (ile namba ya hesabu ya LNB) toa Universal weka C-Band. Hifadhi. Kama hakuna swichi kati ya dishi na boksi basi DiSEqC (amri za kuendesha swichi) iache kabisa usiiwashe.

mtu_wa_mwanga

Asante sana kaka nilikuwa nimeacha ile rahisi kweli. Nimeweka C-Band kuna mabadiliko ila bado sijafika. Sasa hivi AGC (nguvu ya jumla inayoingia) inasoma asilimia 80 na kitu lakini SNR (ubora wa mawimbi) ni 0 karibu kila chaneli. Halafu kuna kituko, chaneli mbili zinafanya "lock" na SNR inapanda vizuri kabisa ila picha haiji, inaandika "SID not found in PAT". Zilizobaki zote "tune failed" kama mwanzo.

kibirizi_one

Hapo LNB imekufa nusu, badilisha.

mtu_wa_mwanga

LNB ingekuwa imekufa risiva ya zamani ingeshikaje? Ni LNB ile ile, waya ule ule.

nguruka_tv

Pima volti mkuu. Boksi likituma volti 13 LNB inachukua V (mawimbi yaliyosimama), likituma 18 inachukua H (yaliyolala). Boksi likikaa sana bila kutumika au likipigwa na umeme wa kurudi ghafla ile sehemu ya 18 huwa inakufa, unabaki na V tu. Chukua multimita, pini ya katikati na ganda la konekta, weka chaneli ya V pima, weka ya H pima. Angalia usigusanishe pini na ganda, utaliua kweli.

mtu_wa_mwanga

Nimepima jioni hii kwa multimita ya jirani. Chaneli za V inasoma 13.4, za H inasoma 18.2. Kwa hiyo inabadilisha. Na hata hivyo za V nazo hazifunguki, hakuna hata moja.

Fundi_Isevya

Habari zenu. Niko Tabora, nafunga madishi zaidi ya miaka kumi, nimesoma toka juu mpaka hapa na nadhani najua kinachokusumbua, ila kabla sijasema naomba ufanye kitu kimoja. Rudisha risiva ya zamani, chukua chaneli yoyote inayoonyesha vizuri, angalia frikwensi yake na herufi inayofuata, H au V. Halafu fungua LyngSat, tovuti ya orodha za chaneli za setilaiti, kwenye simu, tafuta chaneli hiyo hiyo 68.5, angalia wao wameandika herufi gani. Fanya kwa chaneli tatu uje hapa.

Na swali, yule fundi aliyekufungia alitafuta chaneli kwa blaindi skani, yaani risiva inajitafutia yenyewe bila orodha?

mtu_wa_mwanga

Fundi, nimekaa dakika nzima naangalia simu na tivii. Chaneli tatu zote herufi ni kinyume! LyngSat inasema H risiva yangu inasema V, LyngSat inasema V risiva inasema H. Frikwensi zinalingana, inatofautiana moja au mbili tu. Nikaangalia na nyingine tano, zote kinyume. Na ndiyo alitumia blaindi skani, nakumbuka alibonyeza kitu kimoja tukakaa tunasubiri karibu nusu saa.

Ina maana risiva imekosea miaka yote hii?

Fundi_Isevya

Risiva haijakosea na boksi lako ni zima kabisa. LNB yako ndio imekaa vibaya, imezunguka karibu robo nzima, na blaindi skani ndio imekuficha miaka minne.

Nieleze taratibu maana hili jambo huku kwetu limewasumbua watu wengi sana na wengi wanaishia kununua LNB mpya na boksi jipya bure. Setilaiti imekaa juu ya ikweta. Wimbi lake la V limesimama kufuata mstari wa kaskazini na kusini ya dunia. Mtu wa Ulaya setilaiti yake iko upande wa kusini kwake, akiitazama ile V anaiona imesimama kweli, anafunga LNB sifuri juu, mambo yanaenda. Sasa njoo Kigoma. Uko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta na setilaiti ya 68.5 kwako iko mashariki kabisa, karibu kule jua linakochomoza. Nenda uani simama uitazame. Kaskazini iko wapi? Mkono wako wa kushoto. Kusini mkono wa kulia. Kwa hiyo ule mstari wa kaskazini na kusini kwako umelala chini kama kitanda, na V ya setilaiti inafika Kigoma imelala, H inafika imesimama. Ukifunga LNB alama ya sifuri juu kama karatasi ya kwenye boksi inavyosema, umeshazibadilishana tayari.

Blaindi skani haina habari na hayo, yenyewe inaomba volti 13, inapokea kilichokuja, inaandika V. Haijui kwamba kilichokuja ni H. Inaonyesha picha, fundi anachukua hela yake anaondoka, na simlaumu maana mteja ameona chaneli. Lakini orodha uliyoshusha imeandikwa herufi za kweli. Boksi linaona H, linatuma volti 18, LNB yako inaleta V, kwenye frikwensi ile hakuna kitu, "tune failed". AGC iko juu kwa sababu LNB ni nzima na inaleta kelele za kutosha, SNR ni sifuri kwa sababu hakuna mawimbi yanayotakiwa. Zile chaneli mbili zinazo-lock bila picha, pale frikwensi na simbo reti (kasi ya data) ya H na V zimefanana, boksi limeshika wimbi la upande wa pili, linatafuta namba ya chaneli ndani halioni.

Na pia ndio sababu multimita haikuonyesha kosa. Kama 18 ingekuwa imekufa za V zingefunguka. Wewe zote hazifunguki.

asali_ya_sikonge

Aisee. Mimi nimefunga langu Sikonge mwaka juzi nikazungusha LNB nikatafuta tu inaposoma juu zaidi bila kujua kwa nini. Leo ndo nimeelewa.

nguruka_tv

Si angebadilisha tu herufi kwenye faili? Kwenye lamedb, faili la orodha ya chaneli, kila transponda (frikwensi moja inayobeba chaneli kadhaa) ina namba, 0 ni H na 1 ni V, unafungua kwenye kompyuta unageuza zote, unarudisha. Hakuna kupanda juu ya bati.

Fundi_Isevya

Itafanya kazi nguruka_tv, sikatai, na mtu mwenye mguu mbovu asiyeweza kupanda nitamwambia afanye hivyo. Lakini akishusha orodha mpya mwezi ujao itabidi ageuze tena, na ile satellites.xml ya kwenye /etc/tuxbox ambayo boksi linaitumia kuskani nayo aigeuze, kila ikisasishwa arudie.

Ila sababu kubwa ni nyingine. Kwa Kigoma kuelekea 68.5 mzunguko sahihi ni kama nyuzi 82, hapa Tabora kama 81, sio 90 kamili. Yeye akibaki na sifuri amepishana nyuzi 8 na ule mstari uliolala. Nyuzi 8 haziui mawimbi, ila zinaruhusu kidogo cha upande wa pili kuvuja ndani, na kwenye frikwensi ambazo H na V zote zina kazi, huo uvujaji unakuwa kelele. Alisema mwenyewe mwanzoni kwamba chaneli tatu nne zinatoa vijiboksi hata bila mvua. Mimi naona ndio hizo.

Mkuu wa Mwanga, ukipanda fanya hivi. Weka alama ya kalamu pale LNB ilipo sasa, ili ukipotea urudi. Legeza skrubu za kile kishikio, usiitoe LNB na usiisogeze mbele wala nyuma, izungushe tu hadi robo mzunguko kamili. Hapo chaneli zitaanza kufunguka. Halafu cheza nyuzi kumi huku, nyuzi kumi huku, taratibu sana, ukiona SNR imefika juu na ukizidisha inashuka, hapo ndipo. Kaza. Chungulia pia mdomoni mwa LNB, kama kuna kipande cheupe cha plastiki kimekatiza ndani kitoe, kile ni cha mawimbi ya kuzunguka na 68.5 ya C-band haitumii hayo, kinakula mawimbi yako. Na nyigu angalia, wanapenda sana kujenga pale.

Usimuweke mtu chini akupigie kelele "imepanda imeshuka". Boksi lina OpenWebif, unganisha simu kwenye rauta moja na boksi, andika IP ya boksi kwenye brauza ya simu, panda nayo, utaona SNR kwa dB inacheza mkononi mwako.

Kitu kimoja ukijue mapema, ukishazungusha risiva ya zamani itapoteza chaneli zote mpaka uiskani upya.

mtu_wa_mwanga

Nimekuelewa fundi na nimeenda kusimama uani kweli, mkono wa kushoto kaskazini. Risiva ya zamani naipeleka Ujiji kwa shangazi, nitamfungia na kuskani huko huko hivyo haina shida.

Kesho ni Jumamosi, nitapanda asubuhi kabla bati halijapata moto.

kibirizi_one

Ukimaliza tupe majibu mkuu, na mimi dishi langu ni la 68.5.

mtu_wa_mwanga

Wakuu nimerudi!!

Nilipanda saa moja asubuhi. Alama ya sifuri kweli ilikuwa juu kabisa, imenyooka kama fundi aliipima kwa rula. Kipande cha plastiki kilikuwepo, nikakitoa. Nikaweka chaneli moja ya H kwenye boksi, simu mfukoni, nikaanza kuzungusha. Mwanzo 0, 0, 0, nimefika karibu robo ghafla ikaruka 9 dB na mdogo wangu akapiga kelele ndani picha imekuja. Nikasogeza kidogo ikawa 10, kidogo tena 11.8, nikazidisha ikashuka nikarudi. Nikakaza hapo. Nimeshuka nikapitia orodha nzima, zile za bure zote zinafunguka, H na V. Zile zinazotaka kadi haziji, najua hizo ni za kulipia sina shida nazo.

Na zile zilizokuwa zinatoa vijiboksi sasa ni safi. Nimeziangalia moja moja dakika tano tano, hakuna hata moja iliyokwama.

Kingine kilichonishangaza, saa imejirekebisha yenyewe! Sijaigusa. Dakika chache baada ya picha kuja ikaacha 1970 ikasoma saa sahihi.

Fundi wa Isevya Mungu akubariki sana, na asali_ya_sikonge pia maana bila ile C-Band nisingefika popote. Nguruka_tv asante kwa multimita.

Fundi_Isevya

Hongera sana mkuu, nimefurahi kama nimepanda mimi.

Saa: boksi nyingi za namna hii hazina betri ya kutunza saa. Likizimwa umeme linasahau, likiwashwa linaanza kuhesabu pale Linux inapoanzia, yaani usiku wa manane tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa, na sisi tuko mbele saa tatu ndio maana ulikuwa unaona 03:00, saa tisa usiku. Linasubiri kuambiwa saa na transponda, wewe ulikuwa hujakaa kwenye transponda iliyoshika vizuri likabaki linasubiri. Sasa angalizo kwa sababu ya mzee na kurekodi kwake, kuna transponda zinatuma saa isiyo sahihi, ukikaa kwenye chaneli hiyo saa inapotea na kurekodi kunaanza wakati siyo. Kama rauta yako ina intaneti muda mwingi, ingia kwenye mpangilio wa saa toa transponda weka NTP, yaani saa ya kutoka intaneti. Kama intaneti ni ya kuunga na simu mara moja moja, acha hivyo hivyo ila umwambie mzee aangalie saa kabla ya kupanga kurekodi.

Flashi ya USB au hadi diski ya kurekodia ifomati ndani ya boksi lenyewe kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. Ukiacha FAT32 faili moja halivuki GB 4.

mtu_wa_mwanga

Swali la mwisho fundi. Nilipanga chaneli za mzee ziwe mwanzo, nikatengeneza kwenye laptopu kwa DreamBoxEdit, programu ya kupanga chaneli, nikatuma kwa FTP, nikazima na kuwasha boksi, baadhi ya mipangilio yangu ikapotea ikarudi ya zamani. Nakosea wapi?

asali_ya_sikonge

Naomba nijibu hiyo. Unaweka faili wakati Enigma2 inatembea, yenyewe bado imeshika ya zamani kichwani, ukizima inaandika ya kwake juu ya yako. Hasa lile faili la settings. Ingia kwa telnet (kuandika amri kutoka kwenye kompyuta), andika init 4, tivii itakuwa nyeusi usiogope, tuma faili zako, halafu andika init 3 inawaka na mambo mapya. Kwa orodha za chaneli peke yake DreamBoxEdit inaweza kuliambia boksi lisome upya bila kuzima, ukitumia hiyo nayo sawa.

mtu_wa_mwanga

Imekubali! Taarifa ya habari ni namba moja sasa. Mzee ameshapanga ya leo jioni irekodiwe, yuko ziwani.

kasulu_juu

Samahani naingilia uzi. Fundi, mimi niko Kasulu, nina dishi dogo la Ku la 36 mashariki. Na hilo LNB nizungushe 82?

Fundi_Isevya

Hapana ndugu, usifanye hivyo utapoteza. Hesabu inategemea setilaiti iko umbali gani kutoka ulipo, mashariki au magharibi. 68.5 iko mbali ndio maana inakaribia kulala kabisa. 36 kwenu iko karibu juu ya kichwa, kama nyuzi 81 kutoka chini, kwa hiyo mzunguko wa Kasulu na Kigoma ni kama nyuzi 52, na hapa Tabora ambapo iko karibu zaidi ni kama 32 tu. Unaona tofauti, mkoa na mkoa jirani nyuzi 20. Fundi akitoka huku kuja huko na mazoea ya huku anakosa, nimeona kwa macho. Anza na 52 halafu tafuta kilele kama alivyofanya mwenzako, upande wa kuzungushia utauona SNR inapopanda.

Na kwa kuwa linaangalia juu sana, pitia baada ya mvua kama maji hayatuami ndani ya dishi. Likiwa la kimo kile la bakuli kamili la C-band tungetoboa tundu dogo chini, lako la Ku lililoinama halina shida sana ila vumbi la kiangazi lifute.

kasulu_juu

Nashukuru sana. Napanda kesho.